Jina, Mtaa, Prodyuza: Maandagraundi wa Kilosa na Mikumi Mbele ya Kamera

Kamera ya simu ikishawashwa, andagraundi, yaani msanii ambaye hajapata jina, haanzi na wimbo. Humshukuru kwanza Mwenyezi Mungu, akataja jina alilopewa na wazazi, jina la kisanii na mtaa anakotokea. Ndipo humtaja prodyuza, kisha mama yake, kisha washikaji wa kijiweni waliochangishana hela ya kurekodia. Mpangilio huo hakuna aliyeuandika, lakini anayeruka hatua huonekana hana adabu. Akimsahau prodyuza, mtaani ataulizwa.

Wasanii wachanga wa Tanzania nzima wanaifuata desturi hii. Katika miji kama Kilosa na Mikumi, ambako matamasha makubwa hayapiti kila mwezi, mahojiano ya video ndiyo huwa jukwaa la mwanzo: msanii hujulikana kwa maneno yake kabla hajajulikana kwa nyimbo.

Kilosa ni mji wa Reli ya Kati, na tawi lake huteremka kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Mikumi yenyewe imekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Iringa, jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mabasi na malori yanayopita hapo mchana na usiku hubeba pia muziki, na kijana wa hapo hukua akisikia hip hop, dansi na singeli pamoja na ngoma za nyumbani.

Kujieleza mbele za watu hakukuja na YouTube. Milima ya Wilaya ya Kilosa ni ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeanza kuishi na Wakaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu jinsi vijana wao walivyofundwa unyagoni na jandoni kwa nyimbo na mafumbo. Aliyefundwa alitakiwa kuyajua maneno na maana iliyofichwa ndani yake. Msanii anayeombwa na mtangazaji "mistari miwili mitatu" bila biti anapimwa kwa kipimo kinachofanana na hicho. Hapo hakuna mashine ya kumbeba. Ni pumzi yake, vina vyake na uwezo wake wa kueleza alichokusudia.

Mfano unaojulikana zaidi wa msanii aliyejieleza mbele za watu ni wa rapa Joseph Haule, Professor Jay. Mwaka 2001 alitoa "Ndio Mzee", wimbo uliojengwa kama hotuba ya mgombea anayemwaga ahadi huku umati ukimwitikia. Miaka 14 baadaye akasimama mwenyewe kuomba kura, akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Kwa vijana wa wilaya hiyo, mchanaji hakuwa tena mtu wa redioni tu. Walimwona akiulizwa maswali magumu ya maji na barabara, akayajibu kwa sauti ileile iliyowahi kuwachekesha wao na kuwachoma wanasiasa.

Mahali pa kuhojiwa napo pana desturi yake. Mwaka 1981 Penelope Spheeris alipotoa filamu yake kuhusu bendi za panki za Los Angeles, aliwaonyesha Black Flag palepale walipokuwa wakiishi, na umaskini wa makao yao ukaeleza muziki wao. Huku kwetu hali ni hiyohiyo. Jagwa Music wa Dar es Salaam, waliotoa albamu ya "Bongo Hotheads" mwaka 2012, wanapiga mchiriku kwa kinanda kidogo cha Casio na ngoma, sauti ikipasuliwa na vipaza sauti vya zamani. Kadhalika singeli ya studio ya Sisso, iliyokusanywa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala katika "Sounds of Sisso" mwaka 2017, inaeleweka vizuri zaidi mtazamaji akikiona chumba chenyewe, kompyuta na vijana waliobanana ndani. Ndiyo maana andagraundi anayejiheshimu hukataa kupigwa picha mbele ya gari la kuazima. Huchagua kijiwe chake.

Kazi ya kurusha mahojiano haya mtandaoni ina gharama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka leseni ya Sh 1,000,000 na ada ya mwaka ya kiasi hichohicho, mbali na Sh 100,000 za maombi. Kijana mwenye simu na kipaza sauti cha kubana kwenye kola angezitoa wapi? Ada zilikuja kupunguzwa, lakini hatari nyingine imebaki: akaunti ikifungwa au simu ikiibiwa, mahojiano ya miaka yote hupotea.

Wanaotunza urithi wa muziki, kuanzia maofisa utamaduni wa halmashauri hadi Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), wangeanza kwa kuomba nakala za video hizo sasa, zikiwa na majina, tarehe na mitaa. Vijana wanaozirekodi, wanaojua kuuliza na kusubiri jibu, wapewe pia nauli ya kupanda Ukaguru na Uvidunda wakawahoji wazee wanaozijua nyimbo za jandoni, kwa kadiri wazee wenyewe watakavyoridhia zirekodiwe.