Picha Takatifu kama Tafsiri: Suala la Rangi katika Taswira za Kikristo

1.0 Utangulizi

Katika somo la nadharia ya tafsiri, niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu: msomaji hujuaje kwamba anachokisoma ni tafsiri wala si matini asilia? Mwanafunzi mmoja alinijibu kwa kisa. Ukutani nyumbani kwa bibi yake palitundikwa picha ya Yesu mwenye ngozi nyeupe na macho ya buluu. Bibi huyo aliyesali mbele ya picha hiyo tangu ujana wake hakupata kuambiwa na yeyote kwamba ilitokana na ubunifu wa mchoraji. Siku mjukuu alipomweleza kuwa Yesu hakuwa na sura ile, bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Basi miaka yote hii nimekuwa nikizungumza na nani?"

Swali hilo si la kuchekwa. Makala haya yanakusudia kulijibu kwa kutumia dhana ya tafsiri. Hoja yetu ni kwamba kila taswira ya watu watakatifu ni tafsiri katika lugha ya rangi na maumbo ya jamii fulani. Tatizo halikuzuka kwa sababu Wazungu walimchora Yesu kwa sura yao. Jamii nyingi zimefanya hivyo. Tatizo lilizuka pale tafsiri hiyo iliposahauliwa kuwa ni tafsiri, ikashika nafasi ya matini asilia.

2.0 Matini Asilia Isiyokuwapo

Injili zote nne hazielezi sura ya Yesu. Zinachotueleza ni kwamba alikuwa Myahudi aliyekulia Nazareti ya Galilaya. Taswira za mwanzo zilizosalia zilichorwa zaidi ya karne moja baada yake. Katika nyumba ya ibada iliyofukuliwa Dura-Europos, nchini Syria, ambayo michoro yake ni ya katikati ya karne ya 3, Yesu ni kijana asiye na ndevu. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, anaonekana kama mchungaji kijana aliyebeba kondoo mabegani, umbo lililokuwa likitumika katika sanaa ya Kirumi kabla ya Wakristo kulikopa. Sura ya mtu mwenye ndevu na nywele ndefu ilienea kuanzia karne ya 4. Mfano wake mashuhuri ni picha ya karne ya 6 iliyohifadhiwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, mlimani Sinai.

Mwaka 2001, mtaalamu wa Kiingereza Richard Neave alitumia fuvu la mtu wa karne ya 1 lililopatikana Jerusalemu kuunda upya uso wa mwanamume wa zama hizo. Uliotokea ni uso mpana, wenye ngozi ya kahawia na nywele fupi za kusokotana. Huo si uso wa Yesu, wala Neave hakudai hivyo. Hata hivyo, unatukumbusha jinsi sura tuliyoizoea ilivyo mbali na watu wa mahali pale.

3.0 Jinsi Tafsiri Ilivyosahauliwa

Isidhaniwe kwamba Ulaya haikupata kuwachora watakatifu weusi. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, imo sanamu ya Mtakatifu Moris ya katikati ya karne ya 13, yenye sura ya Mwafrika aliyevaa mavazi ya kivita. Kufikia mwisho wa karne ya 15, ilikuwa desturi ya wachoraji wengi kumchora mmoja wa Mamajusi akiwa mweusi. Zipo pia sanamu na picha za Bikira Maria mweusi huko Częstochowa, Montserrat na Einsiedeln. Habari za Einsiedeln, Uswisi, zina funzo. Mwaka 1799 fundi aliyeisafisha sanamu hiyo aligundua kwamba uso wake ulikuwa umepakwa rangi ya ngozi ya Kizungu, na kwamba weusi ulitokana na moshi wa mishumaa na taa. Waumini hawakuikubali sanamu iliyosafishwa. Ikabidi ipakwe rangi nyeusi. Kwao, "asilia" ilikuwa ile waliyoizoea.

Hata hivyo, sambamba na desturi hiyo palikuwa na nyingine. Athanasio, katika wasifu wa Mtakatifu Antoni alioandika karne ya 4, anamsawiri shetani akimtokea mtawa huyo kwa umbo la mvulana mweusi. Biashara ya watumwa ya Atlantiki iliposhamiri, ishara hiyo ya kale ilipata kazi mpya ya kuhalalisha daraja za watu. Kisha mashine za uchapaji zikaziwezesha picha chache kuenea kila mahali. Picha ya kichwa cha Kristo iliyochorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940 inakadiriwa kuchapwa zaidi ya nakala milioni 500. Tafsiri ikiwa moja tu, tena iko kila ukuta, nani atashuku kuwa ni tafsiri?

4.0 Ushahidi wa Lugha

Wapo wanaodai kwamba lugha zetu wenyewe huunganisha weupe na wema. Dai hili linahitaji uangalifu. Kiswahili kina "moyo mweupe", "peupe" na "kweupe", lakini maneno haya yanatokana na mwanga na uwazi. Asemaye kumepambazuka kweupe hamfikirii Mzungu. Kosa ni kuihamisha maana ya mwanga na kuibandika kwenye ngozi.

Uhamishaji huo unaonekana hata katika kiunganishi kimoja. Katika Wimbo Ulio Bora 1:5, mwanamke anataja weusi wake na uzuri wake. Kiunganishi cha Kiebrania kilicho kati ya sifa hizo chaweza kufasiriwa "na" au "lakini". Tafsiri ya kale ya Kigiriki ilichagua "na". Ile ya Kilatini ikachagua "lakini", na ndivyo ilivyo katika Union Version ya Kiswahili ya mwaka 1952. Kwa "na", weusi na uzuri ni sifa mbili zinazokaa pamoja. Kwa "lakini", weusi ni kasoro inayohitaji kuombewa radhi.

5.0 Wafasiri Wengine

Waafrika hawakungoja karne ya 20 ili kutoa tafsiri zao. Ethiopia, ambako ufalme wa Aksum uliupokea Ukristo katika karne ya 4, ilikuza sarufi yake ya uchoraji: aghalabu wema huchorwa uso mzima, na waovu huchorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana. Hapo uovu hutambulishwa kwa mkao wa uso, si kwa rangi ya ngozi. Katika ufalme wa Kongo, Kimpa Vita alihubiri kwamba Yesu na Maria walikuwa Wakongo. Alichomwa moto mwaka 1706. Huko Detroit, Marekani, kanisa la mchungaji Albert Cleage lilizindua picha ya Maria mweusi siku ya Pasaka mwaka 1967. Nasi Afrika Mashariki tunaye Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyechora katika kanisa kuu la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, michoro mitano ya maisha ya Kristo akiwa Mwafrika katika mazingira ya Kiafrika.

Je, kila tafsiri ni halali? La. Tafsiri hupoteza uhalali inapoikana asili yake. Mwaka 1939, wanateolojia wa Ujerumani walianzisha taasisi mjini Eisenach kwa lengo la kuondoa kila athari ya Kiyahudi katika Ukristo, wakidai kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Tofauti yao na Njau si ya rangi waliyoichagua. Mchoro wa Njau unasema Kristo amekuja kwetu pia; wao walisema hakutoka kule alikotoka.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba hakuna picha ya Yesu iliyo asilia, na kwamba madhara hutokea tafsiri moja inapopewa hadhi hiyo. Mjadala wa "mweupe au mweusi" nao ni finyu. Kiswahili kina istilahi ya tatu, "maji ya kunde", na kama tungelazimika kumtambulisha Myahudi wa Galilaya wa karne ya 1 kwa lugha yetu, huenda hiyo ndiyo ingemfaa zaidi.

Ama bibi yule, hakukosea alipokuwa akisali. Asomaye tafsiri humfikia mwandishi, ilimradi asimchanganye mwandishi na mfasiri. Hatuna haja ya kuiteremsha picha yake. Inatosha mjukuu atundike nyingine kando yake, ili anayeziangalia zote mbili atambue kwamba kila moja ni tafsiri.