Mazoezi ya Macho: Yanasaidia Wapi, Yanashindwa Wapi

Video zinazosambazwa kwa simu huahidi kwamba kuzungusha macho, kuyafunika kwa viganja na kutazama ncha ya kalamu kila siku kutamwezesha mtu kuacha miwani. Kwa kuwa mazoezi hayo hayalipiwi, ni rahisi mtu kuyajaribu kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda kupimwa. Idara ya Afya ya Kaunti inawashauri wakazi wapimwe kwanza.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1920, daktari wa macho wa New York, William Bates, alichapisha kitabu akidai kwamba mtu huona vibaya kwa sababu ya kukaza macho, na kwamba mazoezi yangemponya. Utafiti haujathibitisha dai hilo. Ushauri wake wa kuelekeza macho kwenye jua ni wa hatari, kwa sababu mwanga wa jua unaweza kuunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Kwa nini hayaondoi miwani

Mtu asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho refu kupita kiasi, hivyo picha hutua mbele ya retina badala ya kutua juu yake. Naye aliyefikisha takriban miaka 40 huanza kusogeza gazeti mbali ili asome, kwa sababu lenzi ya ndani ya jicho imekuwa ngumu. Hakuna zoezi linaloweza kufupisha jicho au kulainisha lenzi hiyo. Miwani huelekeza mwanga pale unapotakiwa, na kuivaa hakudhoofishi macho.

Faida yake huonekana hata kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 kuhusu wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ulionyesha kuwa miwani ya kuona karibu iliongeza kiasi cha chai walichochuma kwa takriban asilimia 22, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa.

Yanaposaidia

Wapo watu ambao macho yao hushindwa kukutana vizuri wanapotazama kitu cha karibu. Hao huumwa kichwa wakisoma au huona maandishi mawili mawili. Zoezi la kalamu linaweza kuwafaa, likielekezwa na mtaalamu.

Wanaotumia simu au kompyuta kwa muda mrefu hupepesa macho mara chache, ndiyo maana macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na upepese macho mara kwa mara. Hatua hii hupunguza uchovu, lakini haibadilishi kipimo cha miwani.

Kwa watoto, kucheza nje mchana kwa takriban saa mbili kila siku hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali.

Hatari ya kuchelewa

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi bila maumivu. Uwezo wa kuona uliopotea haurudi, ila dawa au upasuaji huweza kulinda uliobaki. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji. Ugonjwa wa kisukari nao unaweza kuharibu retina kabla mgonjwa hajatambua lolote. Mtoto mwenye jicho vivu hutibika vizuri zaidi akiwa bado mdogo.

Chukua hatua

Funika jicho moja, tazama kalenda iliyo ukutani, kisha ufunike la pili. Jicho zima huficha udhaifu wa jingine. Ukiona tofauti, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe ili upimwe au upewe rufaa. Beba miwani yako ya zamani na dawa unazotumia.

Wenye kisukari wapimwe macho kila mwaka. Aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma naye apimwe hata kama anaona vizuri.

Nenda hospitalini siku hiyo hiyo iwapo umepoteza kuona ghafla, unaona vimulimuli au kama pazia limeshuka mbele ya jicho, jicho ni jekundu na lina maumivu makali, au limeumia.