Kuzika Likasi: Pesa Inakwenda Wapi

Ukiuliza bei ya kaburi kwenye komini, Kikula au Panda, utatajiwa kiasi fulani, nawe utadhani umeshajua gharama ya kuzika. Kumbe sehemu ya kaburi kwa kawaida ni kidogo tu katika hesabu ya kilio. Mfuko unamalizwa na mambo yasiyoamuliwa na komini, hasa siku ambazo maiti analala morgi na saruji inayomwagwa juu ya udongo.

Morgi huhesabu kwa siku, na kila siku ya kungoja inazaa gharama nyingine nyumbani: bukari ya watu wanaolala kilioni, makaa, maji, viti vya kukodi. Familia inamngoja mjomba wa Kolwezi, mjomba anangoja mshahara, na hesabu inapanda. Majirani zetu Waislamu humzika marehemu siku ileile au kesho yake, kwa sanda bila sanduku. Simwambii mtu abadili dini, ila anayetaka kuona kilio cha bei nafuu atazame pale. Kwangu mimi, kupunguza siku nne za morgi kuna faida kuliko kubishana na seremala juu ya sanduku. Na hilo sanduku, la mbao za kawaida lililopigwa vanishi vizuri linaingia shimo lilelile na lenye vishikio vya kung'aa.

Wazee wa Shituru wanakumbuka hesabu nyingine kabisa. Kampuni ya migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, ilimbeba mfanyakazi na watu wake tangu wodi ya uzazi hadi maziko. Mpango wa kuondoka kazini kwa hiari ulioanza 2003 uliwatoa watu zaidi ya 10,000, na mzigo huo ukaangukia michango ya ukoo, kanisa na likelemba.

Tuje kwenye mahali penyewe. Ukilipia sehemu makaburini hujanunua ardhi, maana kwa sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973 udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Umepata haki ya kumlaza mtu wako pale. Basi ukiisha kuuliza bei, uliza na muda. Nairobi wanalijua hilo kwa uchungu: makaburi ya Lang'ata, yaliyofunguliwa 1958, yalitangazwa kujaa 1996, lakini watu wanaendelea kuzikwa humo, na aliyelipia kaburi la muda anajua kwamba siku moja mwingine atalazwa palepale. Mji ulipotafuta shamba jipya Mavoko, ulilipa shilingi milioni 283 kwa ardhi ya mawe isiyofaa kuchimbwa kaburi.

Ruhusa ya kuzika na malipo ya sehemu, vyote vimalize ofisini, na udai kitansi chenye jina la marehemu na mahali alipozikwa. Pesa uliyompa mchimbaji mkononi haina ushahidi siku ukikuta mwenzako amejenga juu ya ndugu yako.

Kujenga kaburi ningekuahirisha. Mvua za Katanga zinaanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Udongo mbichi unashuka, na saruji ya haraka inapasuka. Weka msalaba wenye jina lililochongwa, kwa kuwa rangi inafutika, halafu ungoje kiangazi. Matofali ya kuchoma pembeni yanatosha. Vigae na vyuma vinapendeza, hata machoni pa wezi.

Wengine wanataka kumpeleka marehemu Lubumbashi, kilomita kama 120 kwa barabara ya taifa namba 1. Hapo ongeza gari la maiti, basi la waombolezaji kwenda na kurudi, karatasi za safari, na pengine siku nyingine za morgi. Ningekubali kama watoto wake wote wanaishi huko. Kama shangazi na wajukuu wako Likasi, wanaweza kwenda makaburini kwa miguu na jembe lao, na hakuna haja ya kumlipa mtu wa kupalilia.