Kwenda Likoni kwa Pikipiki: Safari Ihesabiwe Kuanzia Kivukoni

Pikipiki siku hizi imefika kila kijiji cha Ukambani. Asubuhi huchukua maziwa, adhuhuri hurudi na mbolea, na jioni humpeleka mgonjwa kwenye zahanati. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi huitumainia hata kwa safari ambazo baba zao walizifanya kwa gari la moshi, na mojawapo ni ile ya kushuka pwani mpaka feri ya Likoni. Mtu wa Machakos ana ndugu yake anayefanya kazi Mtongwe, au wa Makueni anapeleka miche ya maembe ya kupandikiza kwa shemeji yake Matuga, au karani amehamishwa kutoka bara kwenda Kwale. Hufunga mzigo nyuma ya kiti, huuliza bei ya petroli, huaga jamaa zake, akaondoka. Jambo asiloliuliza ni saa ngapi atafika majini, na hilo ndilo linaloamua mengine yote.

Desturi ya wengi ni kuihesabu safari kuanzia nyumbani. Huamka jogoo wa kwanza akiwika, wakakimbia mchana kutwa, wakaingia Mombasa jua linapotua. Hiyo ndiyo saa mbaya kupita zote. Feri ya Likoni, ambayo ilianza kazi mwaka 1937, husemwa huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku moja, na wengi wao huvuka kwa vipindi viwili: asubuhi wanapoingia kisiwani kazini, na jioni wanaporudi kwao kusini. Mwenye pikipiki anayekwenda kusini jioni huwa katikati ya msongamano huo, naye amechoka, macho yamejaa vumbi, na mzigo wake unasukumwa huku na huku. Asubuhi mambo ni kinyume. Feri huja kisiwani zimeshona watu, zikarudi Likoni zina nafasi tele. Basi yampasa msafiri aanze hesabu yake hapo, kwamba atavuka asubuhi, kisha arudi nyuma mpaka apate mahali pa kulala na saa ya kuondoka kwake.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 480. Mtu aliyezoea gari atasema hiyo ni safari ya siku moja, na kwa gari ni kweli. Lakini pikipiki ndogo ya kazi, yenye mzigo, haifai kukimbizwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na mwili wa mpandaji huchoka kabla ya injini. Mahali pa kuikata safari ni Voi. Mtu akilala Voi, hubakiwa na kilomita 160 hivi kwa siku ya pili, nazo ni za saa tatu pamoja na kupumzika kidogo.

Siku ya kwanza ina uchaguzi mmoja ambao wengi hawaufikirii. Atokaye Machakos kwa kawaida huteremka mpaka Kyumbi, akaishika barabara kuu ya Mombasa, akapita Salama, Sultan Hamud na Emali. Njia hiyo ni nzuri kwa lami yake, lakini ndiyo njia ya malori yote yanayotoka bandarini kwenda Nairobi, Uganda na Rwanda, na kwenye milima ya Salama lori moja likipanda polepole huwa na magari kumi nyuma yake, kila dereva akitafuta nafasi ya kulipita. Dereva anayelipita lori haioni pikipiki inayokuja mbele yake, au huiona na kudhani itajiondoa yenyewe. Njia ya pili hupita Kola mpaka Wote, kisha Wote mpaka Makindu, nayo ni lami pia. Kwa urefu hazipishani sana. Ya Wote ina kona nyingi pale inapoteremka milima ya Kola, na mbuzi na ng'ombe hupita barabarani bila kuuliza ruhusa, lakini malori ni machache. Mtu mwenye mke wake nyuma, au mzigo mpana, atafanya vema kupita Wote. Naye wa Kitui hana haja ya kupanda mpaka Machakos kwanza. Atashuka kwa Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi.

Makindu pana hekalu la Makalasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo hulisha wasafiri wa kila dini bila malipo. Madereva wengi hulijua. Afaaye kupumzika hapo ni yule aliyeondoka nyumbani alfajiri na kuona mikono inaanza kufa ganzi.

Mtito Andei ndipo pa kujaza petroli, hata kama tangi bado lina nusu. Kutoka hapo mpaka Voi ni karibu kilomita 100, na katikati hakuna mji wa kutegemewa, kwa maana barabara imepasua mbuga ya Tsavo: upande wa kuume Tsavo Magharibi, upande wa kushoto Tsavo Mashariki. Wako wanaoangalia ramani wakaona vijia vinavyopita ndani ya mbuga na kudhani wamepata mkato. Pikipiki haziruhusiwi kuingia mbugani, na sababu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kumwona simba. Tembo nao hawafuati mpaka wa mbuga. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ilijengewa madaraja ili wanyama wapite chini yake, lakini barabara ya lami haina ulinzi wa namna hiyo. Tembo wa Tsavo hujipaka udongo mwekundu, na giza likiingia rangi yake na rangi ya vichaka huwa moja. Pikipiki ikimgonga, si tembo atakayelala chini. Kwa sababu hiyo sehemu hii ipitwe mchana, na aliyechelewa Mtito Andei alale Mtito Andei.

Siku ya pili msafiri aondoke Voi saa kumi na mbili asubuhi, mara apatapo mwanga wa kuona shimo barabarani. Baada ya Maungu hufuata nyika ya Taru, ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa ukosefu wa maji; Rebmann, mmishonari Mjerumani, aliivuka akienda Taita. Leo taabu yake si kiu bali upepo na jua. Nchi ni tambarare, lori kubwa likipishana na pikipiki huisukuma kwa upepo wake, na likishapita huivuta. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kupishana, kukaa katikati ya upande wake bila kwenda ukingoni kabisa, na kufunga mzigo chini na kwa ufupi, usije ukawa kama tanga la jahazi. Ikifika saa nne joto la Taru humfanya mtu asinzie macho yakiwa wazi. Aliyeondoka mapema huwa ameshapita Samburu.

Mariakani malori hupanga foleni kwenye mizani. Hapo afanye mambo matatu: ajaze petroli, atazame mnyororo na breki, na aamue kama kweli anakwenda kivukoni.

Uamuzi huo haukuwako zamani. Mtu aliyetaka kufika Kwale bila feri alizunguka kwa Kinango. Lakini mwaka 2018 kipande cha kwanza cha barabara ya Dongo Kundu kilifunguliwa, na mwaka 2024 vipande vilivyobaki vikafunguliwa pamoja na madaraja ya Mwache na Mteza. Barabara hiyo huiacha ile kuu Miritini, ikavuka hori za bahari, ikatokea kwenye barabara ya Likoni na Ukunda bila kugusa kisiwa. Kwa mtu anayekwenda Ukunda, Msambweni au Lungalunga, na asiye na shughuli mjini, hakuna shauri jingine: apite Dongo Kundu, akiwa mwangalifu na upepo juu ya daraja la Mteza, ambalo ni refu. Feri ni ya yule anayekwenda Likoni yenyewe, au Mtongwe, au mwenye haja ya kupita kwanza ofisini au Marikiti. Kupanga foleni kivukoni kwa mazoea tu ni kupoteza asubuhi.

Aendaye kivukoni ashike njia ya Changamwe na daraja la Makupa, lililochukua mahali pa tuta la zamani mwaka 2022. Akiingia kisiwani apite Mwembe Tayari, ashike barabara ya Digo, kisha Nyerere mpaka feri. Upande wa Shimanzi huonekana mfupi, lakini ni mtaa wa matangi ya mafuta na malori ya bandari.

Sasa kuna bahari, ambayo mtu wa bara huisahau. Feri haipandi wala kushuka kwa amri ya serikali. Hupanda na kushuka kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita tatu na nusu au zaidi. Siku za mafu tofauti ni ndogo. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na sehemu yake ya chini, iliyokuwa ndani ya maji saa chache kabla, huwa imelowa na kuteleza. Katika bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na hiyo ndiyo saa atakayofika mtu aliyetoka Voi alfajiri. Basi kabla ya kuchagua siku, na autazame mwezi. Ikiwa ni mafu, avuke mara afikapo. Ikiwa ni bamvua, atangulize shughuli zake za mjini, ale chakula chake, na avuke kati ya saa sita na saa tisa, maji yakijaa na watu wa jioni hawajaja. Wavuvi wa pwani hufanya hesabu hii bila kalamu.

Penye mteremko, abiria wa nyuma ashuke. Waendao kwa miguu hawatozwi kitu, nao hupita njia yao. Chombo cha moto hulipiwa na kupita njia yake. Kwa hiyo wawili hao watatengana, na ni vema wakubaliane kabla mahali pa kukutana ng'ambo, maana katika umati ule kumtafuta mtu ni kazi. Mwenye pikipiki ateremke kwa gia ya kwanza, asikamate breki ya mbele kwa ghafula juu ya chuma kilicholowa, na afuate ishara za wafanyakazi wa feri hata kama anaona nafasi nzuri zaidi mahali pengine.

Kivuko hiki kina makaburi yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari moja liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri katikati ya mlango wa Likoni, likazama na mama na binti yake ndani, na wapiga mbizi walilitafuta siku nyingi kabla ya kulipata. Kwa hiyo injini izimwe, gia iachwe imeingia, na mwenyewe asimame kando ya pikipiki ameshika breki muda wote, ingawa mlango ule ni mwembamba na safari ni ya dakika chache. Asiiegemeze kwenye kigingi chake na kwenda kutazama meli. Feri ikigusa nchi kavu hutikisika, na pikipiki yenye gunia la miche huanguka upande wa watu.

Ng'ambo barabara hupanda kutoka majini. Ya kushoto huenda ufukwe wa Shelly, ya kulia huenda Mtongwe, na iliyonyooka huenda Ukunda. Asubiri kando mpaka umati upungue na mwenzake aonekane. Akifika aendako, kabla ya kulala, amwagie mnyororo na rimu maji baridi ya kisima, aukaushe kwa kitambaa na kuutia mafuta, kwa maana maji ya mteremko ule ni ya chumvi, na yakikaa usiku mmoja tu kutu huanza.