Nyimbo Zilizovuka Bahari

Juma lililopita tulizungumza juu ya watu wanaohama kwao kutafuta kazi. Leo tutazame kitu kimoja wanachokwenda nacho bila kukilipia nauli, yaani nyimbo.

Iko nchi ndogo ya Ulaya, jirani ya Italia, jina lake Slovenia. Siku hizi ni nchi huru, tangu mwaka 1991, lakini kabla ya 1918 ilikuwa chini ya Austria. Mashamba yalikuwa madogo, hayakutosha kugawiwa watoto wote. Basi maelfu ya vijana walipanda meli kwenda Marekani, na wengi wakakaa Cleveland, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ohio.

Kijana mgeni hakuwa na nyumba. Alipanga kwa watu wa kwao, na mama mwenye nyumba akawa anawapikia wapangaji na kuwafulia nguo. Jioni mmoja wao hutoa akodiani. Chombo hicho mnakijua, kimo katika taarabu ya Unguja. Ila chao kilikuwa cha vifungo, na kila kifungo hutoa sauti mbili, moja ukivuta, nyingine ukisukuma. Huyu huimba wimbo wa kijiji chake, na yule wa kwao. Watu ambao huko Slovenia pengine wasingekutana kamwe, walijifunza nyimbo zao wakiwa ugenini, katika meza moja.

Katika nyumba ya namna hiyo alilelewa Frankie Yankovic, aliyezaliwa Marekani mwaka 1915. Mpangaji mmoja wa wazazi wake ndiye aliyemfundisha akodiani. Wakati huo wazee walikuwa wamekwisha changa fedha na kujenga jumba lao katika barabara ya St. Clair, likafunguliwa mwaka 1924, lenye ukumbi wa kuimba na kucheza.

Hata hivyo palikuwa na shida. Watoto walisoma kwa Kiingereza, na lugha ya mama ikaanza kuwatoka. Yankovic akazitia baadhi ya nyimbo za kwao maneno ya Kiingereza, akaongeza banjo na piano, lakini mwendo wa polka na wa walsi akauacha kama ulivyo. Je, aliziharibu? Mimi naona hasara ilikuwapo, maana utani wa kijijini hautafsiriki. Lakini wimbo usioimbwa na mtoto huzikwa na mzee.

Nusura kazi hiyo ikatike. Katika vita, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Yankovic aliumizwa na baridi kali mikono na miguu, na madaktari wakataka kuikata. Akakataa. Hospitalini akapewa akodiani, akavizoeza vidole mpaka vikapona. Mwaka 1948 santuri yake «Just Because» ikapata sifa Marekani nzima. Wimbo wenyewe si wa Kislovenia hata kidogo. Upigaji ndio wa Kislovenia.

Sasa tutawapigia santuri ya miaka ya 1920 ya Matt Hoyer, aliyezaliwa Slovenia na kupiga muziki Cleveland kabla ya Yankovic. Wasimamizi wa vikundi, nyamazisheni watu kidogo. Sikilizeni akodiani inavyovutwa na kusukumwa.