Dogi Yako Inajikuna? Sare Hiyo Oili Chafu

Wasee, hii maneno ya kupaka mbwa oili chafu lazima ikome. Dogi ikianza kujikuna na manyoya kutoka, msee anachomoka mbio hadi gereji, anarudi na mkebe wa oili imetolewa kwa injini, anapaka dogi yake kutoka shingo mpaka mkia. Hiyo ni sumu. Inachoma ngozi, na ju mbwa hujilamba, inaishia tumboni, halafu ini na figo zinaanza kulipa. Ati inafanya kazi ju kuna wadudu hufa? Maze, hata mbwa yenyewe inaeza kufa nayo.

Kabla upake kitu yoyote, jua kwanza inajikuna ju ya nini. Chukua tishu nyeupe, ilowe maji. Panua manyoya pale mgongo inashikana na mkia, ukwangue zile chembe nyeusi ziko ka majani ya chai, uziweke kwa tishu. Zikitoa rangi nyekundu, hiyo ni damu ya dogi yako, imepitia kwa tumbo ya kiroboto. Kuna mbwa ziko na aleji ya mate ya kiroboto, so hata wachache tu wakiuma, inajikuna siku kibao. Na usidhani wako kwa mwili peke yake. Mayai na mabuu ndio wengi, na wako kwa gunia inalalia na kwa nyufa za sakafu. Ukitibu mbwa uache gunia, umetupa chapaa. Choma hiyo gunia, ama uifue na maji moto kila wiki.

Ka ni ncha za masikio na viwiko ndio zimetoa magamba, sugua sikio polepole kati ya vidole. Mguu ya nyuma ikianza kurusha mateke hewani, shuku upele. Na hapo kaa rada, ju hiyo upele huruka hadi kwa watu. Mtoi akianza kujikuna pia, usishangae.

Upele ni ya dokta wa wanyama, haitaki kubahatisha. Najua kuna mamorio hununua ivermectin ya ng'ombe kwa agroveti na kukadiria dozi na macho. Hiyo ni ngori. Collie, na hata German Shepherd wengine, wako na jeni inaachilia hiyo dawa iingie kwa ubongo, na mbwa inaeza kuanguka. Ka uko Nairobi, kule Upper Kabete, University of Nairobi iko na kliniki ya wanyama wadogo. Beba dogi huko.

Sasa ka hakuna mdudu, ni ngozi kavu tu na mba, cheki sabuni yako. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kushinda yetu, na haina asidi mingi ka yetu. Ukiiosha kila wiki na sabuni ya kufua, unatoa mafuta yote inailinda. Shampuu ya mbwa, mara moja kwa mwezi, inatosha mbwa wengi. Ikiwashwa sana, saga otimili haina sukari mpaka iwe unga, koroga kwa maji vuguvugu, mwagilia mwili mzima, ngoja dakika 10, suuza. Utaona imetulia, angalau kwa muda.

Halafu dishi. Ugali kavu kila siku haijengi ngozi. Omena ndio mambo, ju iko na mafuta ya omega-3. Ioshe mchanga itoke, chemsha bila chumvi, na usithubutu kuweka kitunguu, ju kitunguu huharibu damu ya mbwa. Changanyia kidogo kwa ugali mara kadhaa kwa wiki, halafu uipee ka mwezi moja na nusu kabla uanze kutafuta manyoya mpya mgongoni.