Mtoto Mchanga na Uso wa Mama Yake

Huku Nainokanoka baridi ni kali. Ukungu ukishuka kutoka Olmoti, mama humfunga mtoto mgongoni na kumfunika gubigubi kwa shuka na blanketi, asipigwe na upepo wala na jicho baya. Habari ya jicho baya tunamwachia Mungu; baridi tunaijua. Lakini siku za kliniki twasikia neno moja linalotusumbua: "Huyu bado haoni kitu, ya nini kumsemesha?"

Akina mama wenzetu, anaona. Vitu vya mbali havioni vizuri, ila cha umbali wa sentimita 20 hadi 30 anakiona, nao ndio umbali wa kutoka kwenye titi hadi usoni pa mama. Muumba hakubahatisha. Mwaka 2002 wataalamu waliwaonyesha watoto wa siku 2 hadi 5 picha za nyuso, moja ikimtazama mtoto, nyingine macho yameelekezwa pembeni. Watoto walikaza macho zaidi kwa ile iliyowatazama. Wa miezi 4 walipimwa mawimbi ya ubongo, kwa vifaa vya kuvalishwa kichwani visivyoumiza, na ubongo uliitikia kwa nguvu zaidi macho yaliyowaelekea.

Basi je, mama asiyemtazama mwanawe kila mara anamdhulumu? Hasha. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kikisii huko Kenya. Mtoto akichangamka mno, mama aligeuza uso, na alimsemesha kidogo kuliko mama wa Boston. Lakini alimbeba zaidi, na akilia alimtuliza upesi. Mgongo nao ni malezi, asiwadanganye mtu.

Tunaloomba ni dogo. Wakati wa kunyonyesha mfunue uso, umtazame, umsemeshe. Nyumba zetu zina giza na moshi, kwa hiyo sogea karibu na mlango jua likitoka. Akigeukia pembeni mwache, amechoka, atarudi mwenyewe. Baba naye ana uso!

Kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 watoto wengi huanza kutabasamu waonapo uso. Akifikisha miezi 3 bila kuufuata uso wako kwa macho, au ukiona weupe ndani ya mboni hata akiwa wa siku chache, usingoje tarehe ya chanjo. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, au hata saratani ya jicho, na kuwahi ndiko kunakookoa. Mlete siku hiyo hiyo.